Eda Katika Nyumba Isiyopumua

Baba alifariki mwishoni mwa vuli, vuli yenyewe isiyokuwa na mvua ya kutajika, na Mama akaingia eda katika chumba ambacho marehemu mwenyewe alikuwa amekiziba. Nasema amekiziba bila ya kumlaumu. Kila alichokifanya katika nyumba ile alikifanya kwa sababu, na sababu zake zote zilikuwa nzuri. Ndiyo maana ilinichukua muda mrefu kuona tulipokosea.

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, katika uchochoro ambao vespa mbili zikikutana lazima moja irudi nyuma. Kuta ni za mawe na chokaa, nene kiasi kwamba tulipokuwa watoto tukikaa ndani ya dirisha kama tumekaa kwenye kiti. Dari ya chumba cha Mama ilikuwa ya boriti, juu sana, na chini kidogo ya boriti hizo mlikuwa na matundu ukutani ambayo hakuna aliyewahi kuuliza kazi yake. Katikati ya nyumba mlikuwa na ua ulio wazi kwa juu. Joto lilipanda likatokea huko, na upepo ukashuka. Hatukuisifu nyumba kwa hilo, maana hatukujua kuwa kuna nyumba zisizofanya hivyo.

Kwanza zilibadilika mvua. Ama hazikuja, ama zilikuja zote siku moja, na zikija ua ulijaa maji mpaka kwenye kizingiti cha jiko. Baba akauezeka kwa mabati ya plastiki yanayopitisha mwangaza. Mvua ikakoma kuingia, tukampongeza. Kisha joto nalo likazidi. Kiangazi kimoja Mama alikuwa halali, na ndugu yangu, ambaye anafanya kazi bandarini Malindi na mwaka ule alikuwa na kazi nyingi, akaleta kiyoyozi. Fundi alipokitazama chumba alicheka. Alisema kwa dari ya juu namna ile na matundu yale tutakuwa tunawapoza njiwa wa Mji Mkongwe wote. Kwa hivyo Baba akashusha dari ya jipsamu chini ya boriti, matundu yakazibwa kwa saruji, na madirisha ya mbao yakatolewa yakatiwa ya vioo vya kusukuma. Jamaa walikuja kukitazama chumba. Mama akawa anaingia ndani huku akijifunga mtandio kwa baridi, na akionekana mwenye raha kweli.

Raha hiyo ilidumu kiangazi kimoja na nusu. Bei ya kila kitu ilipanda, kazi za bandarini zikapungua, na umeme kwetu ni wa kununua kabla. Unanunua kwenye simu, unaletewa namba, unaziingiza katika mita ukutani. Ukikaribia kuisha, mita inalia mpaka imtoe mtu kwenye sala. Kiyoyozi kikawa kinawashwa saa moja kwa siku, kisha wageni wakija, kisha mara moja moja. Lakini dari haikupanda kwa sababu umeme umepanda. Chumba kikabaki vile vile kilivyofungwa.

Zamani joto likikushinda ulipanda juu ya paa. Nyumba inayotukabili siku hizi ni hoteli, na paa lake limekuwa mkahawa. Wageni wanakula huku wakitazama bahari, na baina yao na bahari tupo sisi. Viyoyozi vya vyumba vyao vimetundikwa ukutani upande wa uchochoro, sita katika safu moja, vinapuliza hewa ya moto kwenye dirisha letu. Nilihesabu siku moja nilipokuwa na hasira. Wafanyakazi wake ni vijana wa watu, wenye adabu, na sina ugomvi nao.

Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Mjane anakaa katika nyumba ya mumewe, hatoki ila kwa dharura, hajipambi wala hajitii manukato. Hayo ni ya dini na sina la kuyasema. Mengine tuliyaongeza wenyewe. Shangazi yetu, dada yake Baba, alikuja kutoka Makunduchi kukaa na Mama wiki za mwanzo, akaagiza dirisha la uchochoroni lifungwe na litiwe pazia zito, ili mpita njia asimwone mjane. Kupanda paani, mbele ya mkahawa mzima, halikuwa jambo la kujadiliwa. Nani angepanda?

Mimi ninauza dawa. Duka ninalofanyia kazi liko mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwa Mama, nami nakaa Amani, ng'ambo ya mji, katika nyumba ya bati ambayo nayo haina la kujisifia wakati wa kaskazi. Miaka kumi na minane nipo nyuma ya kaunta ile. Naujua mwezi kwa kinachonunuliwa. Ikianza kaskazi watu wanataka poda ya harara, dawa za kichwa, na zile pakti za chumvi na sukari za kutia kwenye maji. Wapo wanaokuja na sindano zao za sukari zimefungwa katika kitambaa kibichi, kwa sababu friji ya kwao imezimwa, wananiomba niwawekee katika friji ya duka. Nawawekea. Mzee akija kununua dawa ya presha, hasa ile inayomwendesha haja ndogo, namwambia: joto hili kunywa maji, na umuulize daktari wako kuhusu dozi. Nimeyasema maneno hayo mara nyingi mpaka nayasema huku nikitafuta chenji.

Dawa ile ile nilikuwa nampangia Mama kila Jumamosi, kidonge kwa kidonge, katika kikasha chenye majina ya siku. Hata mara moja sikumwambia yale ninayowaambia watu. Mganga hajigangi, wanasema, na mimi nilidhani msemo huo ni wa waganga.

Siku ya hitma nyumba ilijaa. Kiyoyozi kilinguruma tangu asubuhi, feni zote zilizunguka, na pampu ilikuwa inapandisha maji kwenye tangi kila saa kwa ajili ya udhu wa umati ule. Alasiri mita ikalia. Nilikuwa nimechoka, na mimi nikichoka ulimi wangu hauna breki. Nilisimama mbele ya mita na simu mkononi nikasema kwa sauti, ili nichekeshe watu, "Umeme wa nyumba hii unakimbia kana kwamba unafukuzwa!" Watu wakacheka. Mama alikuwa amekaa kitandani, katika kaniki yake mpya, mlango wake uko wazi. Sikutazama kama na yeye alicheka.

Baada ya Shangazi kurudi kwao tuligawana zamu, na tukakubaliana kuwa mpaka eda iishe Mama awashe kiyoyozi kutwa. Ndugu yangu na mkewe walihamia chumba cha chini, lakini wote wawili wanatoka asubuhi kwenda kazini. Mimi nilikwenda kila mchana na chakula. Nilikuwa nagonga mlango mkubwa, nafungua kwa ufunguo wangu, naita "Hodi!" kutoka chini, na yeye anaitika "Karibu!" kutoka juu. Nikipanda zile ngazi zetu za mbao, ambazo hata mtoto anazipanda kwa heshima, nakuta kiyoyozi kinafanya kazi. Namsalimu, namtilia chakula, namuuliza kama kanywa maji.

"Nshakunywa," anasema.

Nilikuwa natoka pale nimeridhika kabisa. Baada ya mwezi ndugu yangu akaniambia mita imetulia, haili umeme kama zamani. Alidhani kiyoyozi kimepona kwa kusafishwa. Tulifurahi. Nakumbuka tulivyofurahi, tumesimama mlangoni, tukasema bora hivyo, kiangazi hiki kitapita salama. Watu wazima wawili, mmoja wao muuza dawa.

Dalili zilikuwepo. Harara ilimtoka shingoni, nikamletea poda. Kichwa kilimuuma, nikamletea vidonge. Kaniki yake alikuwa akiifunga haikai, inateremka kiunoni, nikasema ni huzuni, kwa sababu mjane akikonda kila mtu anajua sababu. Masika yalichelewa. Mawingu yalikuwa yanakuja juu ya mji, yanakaa, yanaondoka. Usiku ulikuwa haupoi tena kuliko mchana.

Siku moja umeme ulikatika mtaa wa dukani kwetu peke yake tangu asubuhi, na mwenye duka akachukua sindano zote za friji akazipeleka kwa jamaa yake mwenye jenereta. Tukafunga mapema. Nikaenda kwa Mama saa mbili kabla ya wakati wangu, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na mizigo sikugonga wala sikupiga hodi. Nilifungua, nikapanda.

Mlango wa chumba ulipofunguka joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa. Feni imezimwa. Pazia limeshuka. Mama alikuwa amekaa sakafuni, mgongo umeegemea kitanda, mkono mmoja umeshika rimoti ya kiyoyozi. Ngozi yake ilikuwa kavu. Hakuwa na hata tone la jasho, na hilo ndilo lililonitisha, maana najua maana yake.

"Mbona mapema leo?" akaniuliza. Maneno yalimtoka mazito, kama mtu aliyetiwa ganzi kwa daktari wa meno. Kisha akainua rimoti akaanza kubonyeza, anaielekeza kwenye kabati.

Nilifungua dirisha nikaita hotelini. Walikuja vijana wanne, wamebeba ndoo ya barafu ya mkahawa na kiti cha plastiki. Gari haliingii katika uchochoro wetu. Walimkalisha kwenye kiti, wakamteremsha ngazi moja baada ya moja, wakambeba mpaka barabarani, barafu imefungwa katika taulo zenye jina la hoteli. Mama alikuwa nusu hayupo, lakini njia nzima aliushikilia mtandio usoni ili asionekane. Watalii walisogea ukutani kutupisha. Mmoja alivua kofia.

Hospitali walimtia maji ya mshipa. Siku ya pili aliweza kukaa, na daktari, mwanamke mdogo kuliko mimi, akaja na faili.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nyumbani ulikuwa unakunywa maji?"

"Nnakunywa."

"Glasi ngapi kwa siku?"

Mama akanitazama mimi kwanza. "Kikombe cha chai cha asubuhi. Na maji ya kumezea dawa."

"Basi?"

"Choo kiko chini, mwanangu, na magoti yangu haya wayaona. Nikinywa sana nshuke sana. Na nikitumia maji, tangi litakwisha, iwashwe pampu."

"Na kiyoyozi kipo?"

"Kipo. Nkisikia mlango nnawasha, wasije wakakuta joto. Wakenda zao nnazima."

Daktari akauliza kwa nini. Mama hakujibu kwa lawama. Alijibu kama mtu anayeeleza utaratibu wa nyumba yake. Alininyooshea kidevu tu. "Si mwenyewe kasema umeme unakimbia."

Niliona haya. Si huzuni, huzuni ilikuja baadaye. Pale kitandani niliona haya, kama mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu. Nilijua hata siku na saa ya maneno yale. Nilitaka kusema nilikuwa natania, na nikaona kuwa hilo halisaidii kitu.

Nje ya wodi daktari alinieleza. Figo zilikuwa zimechakazwa na presha kwa miaka, polepole, bila ya mtu kujua. Zingeweza kwenda hivyo hivyo muda mrefu. Joto, kiu na kile kidonge vimezimaliza kwa wiki chache. Hakusema ni joto peke yake, na mimi pia sitasema. Alisema kaskazi ile amewaona wengine wa namna hiyo, wazee wa ghorofani na wa nyumba za bati, wanaokaa ndani. Nikamuuliza kwenye kadi zao anaandika nini.

"Figo," akasema. "Presha. Sukari. Kilichomleta. Joto halina pahala pa kuandikwa."

Mama alikuwa na hofu moja tu, kwamba ameivunja eda. Nilimpigia Shangazi simu, nikamwekea Mama sikioni. Nilitarajia hotuba. Shangazi alisema maneno machache, na sauti yake niliisikia mpaka nilipokaa: "Weye! Dharura ni dharura. Mungu si mkali kama sie. Na lile pazia nlotia, waambie wakalitoe, nshatubu." Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu Baba afe.

Tulimrudisha nyumbani akamalizie siku zake. Ndugu yangu alikuwa amechukua likizo na nyundo. Aliivunja dari ya jipsamu peke yake, hakutaka msaada, akatoka humo mweupe mwili mzima akilia, akasema ni vumbi. Boriti zilikuwa pale pale. Akapanda ngazi akayazibua matundu, moja moja. Tulisimama katikati ya chumba tukingojea. Hewa iliingia, ni kweli, chumba kikawa afadhali. Lakini sehemu ya hewa iliyoingia ilikuwa ni ile inayopulizwa na viyoyozi sita vya ng'ambo ya uchochoro. Waliojenga matundu yale hawakuwa na jirani wa aina hiyo. Kitanda cha Mama tukakihamishia chini, karibu na choo, na sasa feni inazunguka kutwa, na mita ikilia ninainyamazisha bila ya kusema neno.

Figo hazikurudi. Mara mbili kwa wiki Mama anapelekwa hospitali, anafungwa kwenye mashine, anasafishwa damu kwa muda wa saa nne.

Siku ya kutoka eda iliangukia siku ya mashine. Nilipendekeza tuulize kama siku inaweza kubadilishwa, akakataa kabla sijamaliza. Asubuhi alikoga, akavaa dira jipya la rangi ya zambarau, wakamfukiza udi mpaka kwenye nywele. Shangazi alikuwepo, jamaa walikuwa njiani, jikoni umeinjikwa wali wa kutosha mtaa. Wajane wengine siku hiyo hupelekwa kuwatembelea ndugu. Sisi tulikwenda hospitali. Muuguzi alipomwona akamwambia, "Leo umependeza, Bi. Unakwenda harusini?"

"Natoka eda," Mama akamjibu, akapanda kitandani mwenyewe, akanyoosha mkono wake mashine ifungwe.

Chumba kile kina kiyoyozi kisichozimwa, kwa sababu mashine hazistahamili joto. Pana ubaridi hata mimi nachukua sweta. Mama alijifunika kanga, na kabla damu haijazunguka vizuri alikuwa amelala. Alilala usingizi mzito wenye kukoroma, mdomo wazi, usingizi ambao nyumbani sikumwona akiulala kiangazi kizima. Nilimtazama saa nne zote. Nilijiuliza tangu lini amekuwa akiamka mapema siku za mashine, amevaa na mkoba upo mapajani, akituhimiza tusichelewe. Tulikuwa tukimsifu kwa ustahamilivu wake.

Mashine ilipomaliza muuguzi akamfungua, akambandika pamba, akamwambia tayari. Wagonjwa wengine walikuwa wanavaa viatu upesi upesi. Mama hakuinuka.

"Mwanangu," akamwambia muuguzi, "kitanda hichi kina mtu sasa hivi?"

"Hapana, Bi. Mpaka baada ya adhuhuri."

"Basi niwache nlale kidogo tu. Hapa kuna hewa."

Muuguzi alinitazama. Nikainamisha kichwa kumkubalia, akamrudishia Mama kanga mpaka mabegani, akaondoka. Baada ya muda simu yangu ikatetemeka. Alikuwa ni ndugu yangu, nyuma yake nasikia vigelegele na vyombo, anauliza tuko wapi, wageni wamejaa, chakula kinapoa, kila mtu anamngojea mtoka eda. Nikatoka mpaka kwenye korido, nikauvuta mlango nyuma yangu ili baridi isitoke.

Nikamwambia mashine bado haijamaliza.